Saa ya Gari Iliyorudi Sifuri

Haya nilisimuliwa na Nigora mwenyewe, mwaka ule miaprikoti ilipozaa sana hapa Isfara hadi matawi yakaegemezwa kwa miti yasivunjike. Tulikuwa uani kwangu, tunatoa kokwa. Wakati huo Nigora alikuwa tayari mwalimu, mtu mzima, lakini mambo yenyewe yalimpata akiwa msichana wa miaka kumi na miwili. Nimeyaandika polepole, kama alivyoyasema, ili nanyi wajukuu myasome.

Kila asubuhi Nigora alifagia ua, akanyunyiza maji ili vumbi litulie, kisha akaenda nyumba ya pili kuchukua mikate. Huko aliishi Saodat, mjane, ambaye mikono yake ilikuwa na alama za moto hadi kwenye viwiko kwa sababu ya tanuri. Mtaa mzima ulikula mikate yake. Binti yake, Munzifa, alikaa dawati moja na Nigora tangu darasa la kwanza. Kifutio chao kilikuwa kimoja, wamekikata katikati.

Mume wa Saodat alipofariki aliacha gari dogo jeupe. Likakaa muda chini ya mti wa mforsadi, likichafuliwa na matunda, mpaka baba yake Nigora alipolinunua. Jina lake Mahkam. Fedha alizituma mke wake, aliyekuwa Urusi akifanya kazi ya kufua katika hospitali, na kwa hiyo kila sarafu ilikuwa na jasho lake. Mahkam alitaka kupeleka aprikoti mjini mwenyewe badala ya kuwategemea wachuuzi.

Siku ya kukabidhiana, Saodat aliweka mkate juu ya boneti, wakaumega pamoja, yeye na Mahkam, mbele ya majirani. Kisha akachovya kidole kwenye unga, akalipaka gari alama nyeupe usoni.

"Njia yako iwe nyeupe, jirani," akasema. "Halijawahi kunisumbua. Likikusumbua, njoo uniambie mimi kwanza, usianze kumwambia mtu mwingine."

Nigora na Munzifa walikuwa wameshajipenyeza kiti cha nyuma. Munzifa akaonyesha saa ndogo ya kijani iliyokuwa inawaka mbele, karibu na redio.

"Hii aliipenda baba," akasema. "Kila asubuhi alikuwa anailinganisha na redio. Sasa naiangalia mimi. Hebu tazama simu ya baba yako."

Nigora akanyosha shingo kuitazama simu iliyoachwa kwenye kiti cha mbele. Simu na saa zilikuwa sawasawa kabisa.

"Haya, bibi wa saa," Nigora akamtania. "Nitakutunzia."

Sasa, Mahkam alikuwa mtu mwema, ila alikuwa na shaka na kila kitu. Ukimsifia mbuzi wake, atamfunika kwa gunia. Ukimsalimu kwa maneno mengi, atajiuliza unataka kuazima nini. Majirani walipochungulia juu ya ukuta wakisema, "Hongera, Mahkam! Gari safi!" yeye alijibu "Asante, asante," huku akisaga meno.

"Macho ya watu yana meno," akamwambia Shodi, mwanawe mkubwa. "Lete kikaangio."

Shodi, aliyekuwa na miaka kumi na saba, akaleta kikaangio chenye makaa. Mahkam akamwagia mbegu za hazorispandi, zile chungu ambazo moshi wake hufukuza kijicho. Mbegu zikapasuka pa! pa! pa! Akalizunguka gari na moshi ule mara tatu. Hakutosheka. Akafungua boneti.

"Moyo wa gari uko humu," akasema. "Kijicho kikipiga, kitapiga humu."

Akakiweka kikaangio palepale juu ya injini. Mara mtu akabisha mlangoni, mazungumzo yakawa marefu. Aliporudi, kikaangio kilikuwa kimeinama upande. Akakitoa, akapuliza majivu, akafunga boneti. Hakuna aliyelifikiria tena jambo hilo.

Siku chache baadaye Mahkam alirudi kutoka mjini uso umemkunjamana. Taa ya rangi ya chungwa, yenye umbo la injini, ilikuwa imewaka mbele ya usukani.

"Kesho naenda kwa fundi," akasema.

Lakini kesho yake asubuhi taa ilikuwa imezimika. Injini ilitetemeka kidogo, kama mtu aliyeamshwa ghafla, kisha ikatulia. Mahkam akafurahi, akaenda zake na aprikoti. Haikupita juma, taa ikawaka tena. Usiku ukapita, asubuhi haipo. Ikawa hivyo mara ya tatu. Taa inawaka jioni, asubuhi imezimika, na gari linakunywa petroli kama ngamia aliyevuka jangwa.

Mahkam akaipeleka habari hiyo kwenye nyumba ya chai. Pale hapakosekani mtu anayejua kila kitu.

"Umeuziwa mbuzi ndani ya gunia, kaka," mtu mmoja akamwambia. "Magari haya yana kompyuta, inakumbuka kila ubovu. Muuzaji mjanja anaitoa betri, kompyuta inasahau, taa inazimika. Anakuuzia. Baadaye taa inarudi."

"Nitajuaje kama alifanya hivyo?"

"Angalia saa. Betri ikitolewa, saa inarudi sifuri."

Mahkam akatoka mbio kwenda kwenye gari. Saa ilikuwa inaonyesha wakati usiolingana hata kidogo na mchana ule. Akarudi ndani, akasema kwa sauti, watu wote wakisikia: "Saodat kanitapeli!"

Maneno ni kama manyoya ya kuku. Ukishayamwaga, upepo ndio mwenyewe. Kesho yake wanawake wawili walipita mlango wa Saodat bila kuingia, wakaenda kununua mikate mtaa wa chini. Keshokutwa wakawa wengi. Mikate ya jana ikabaki kwenye kapu, imefunikwa kitambaa.

Shuleni Munzifa akahamisha mkoba wake, akaenda kukaa dawati la nyuma peke yake.

"Munzifa, mimi sijasema kitu," Nigora akamwambia wakati wa mapumziko.

"Baba yako kasema. Mama analia akikanda unga. Unajua mkate wenye machozi unakuwaje? Nenda kamuulize baba yako, anajua kila kitu."

"Mlitoa betri kweli?" Neno hilo lilimtoka Nigora kabla hajalifikiria.

Munzifa akafungua mkoba wake. Kisha akamrudishia kipande chake cha kifutio.

Jioni ile Nigora hakula vizuri. Alikuwa anajiuliza, akijibu, akijiuliza tena. Siku ya kukabidhiana saa ilikuwa sahihi. Aliiona kwa macho yake, pamoja na simu. Ikiwa Saodat alitoa betri kabla ya kuuza, saa ingekuwa imeharibika siku ile, au ingerekebishwa na kubaki sahihi mpaka sasa. Kwa hiyo betri ilitolewa baadaye. Na baadaye gari lilikuwa hapa, uani kwao.

Alimwambia baba yake. Mahkam akapiga paja.

"Basi ana ufunguo wa pili! Anaingia usiku. Nilijua!"

Tangu hapo Mahkam hakulala. Alikuwa akiamka kila mara, anasogeza pazia, anachungulia gari, anarudi kitandani, anaamka tena. Hata paka akipita ukutani, yeye yuko dirishani. Lakini usingizi ni mwizi. Alfajiri humchukua hata mlinzi.

Nigora akaanza kumwangalia kila mtu. Akamwangalia jirani wa kulia aliyecheka sana. Akamwangalia muuza maziwa. Akaangalia mlango wa Saodat, na hilo lilimuuma zaidi. Mwishowe akaamua kuacha kubahatisha. Jioni taa ilipowaka tena, aliingia garini, akabonyeza vitufe mpaka saa ikawa sahihi. Kisha akachota majivu jikoni na kuyasambaza kwa wepesi mbele ya gari. Unga ungeonekana vizuri zaidi, lakini nani angethubutu kutupa unga mahali pa kukanyagwa?

Asubuhi alitoka kabla ya kila mtu. Saa ilikuwa imeanza upya kutoka sifuri. Majivu yalikuwa na alama za kandambili. Kisigino cha kulia kilikuwa na pengo, kama kimeng'atwa na mbwa. Alama hazikwenda kwenye mlango wa nje wa ua. Zilikwenda ndani ya nyumba.

Kandambili zile zilikuwa kizingitini. Za Shodi.

Alimkuta kaka yake nyuma ya nyumba, ananawa uso.

"Kaka, kwa nini unatoa betri ya gari?"

Shodi akasimama, maji yanamchuruzika kidevuni. "Nani kakuambia?"

"Kisigino chako."

"Ondoka hapa, kunguru we. Kazi yako kudonoadonoa mambo ya watu."

"Hakuna anayenunua kwa mama Munzifa kwa sababu yako. Mikate inaoza!"

Shodi akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Yakamtoka yote. Siku moja kabla taa haijawaka mara ya kwanza, alilichukua gari bila ruhusa, akaenda mferejini kuwaonyesha rafiki zake. Akapita kwenye maji. Kesho yake taa ikawaka. Akajua ameliua gari la fedha za mama. Akatazama kwenye simu jinsi ya kufuta kumbukumbu ya kompyuta: unafungua nati moja kwa spana, unautoa waya mweusi wa betri, unasubiri muda wa chai ya birika kuiva, unaurudisha.

"Nikadhani ikisahau, yameisha," akasema. "Kumbe inakumbuka upya. Nikafuta tena. Nikafuta tena."

"Na saa?"

"Saa nayo inasahau. Nani anaangalia saa?"

"Munzifa," akasema Nigora.

"Nitamwambia baba. Kesho."

"Leo, kaka! Leo baba anakwenda na mzee wa mtaa kumwapisha mama Munzifa kwenye mkate. Asipoapa, arudishe fedha."

"Nitasema, nimekwambia. Usinisukume."

Lakini alipoitwa kunywa chai, Shodi alisema tumbo linamuuma, akajifungia chumbani.

Baada ya swala ya Ijumaa, Mahkam alisimama uani kwa Saodat pamoja na mzee wa mtaa, Haji Sobir, na majirani kadhaa ambao eti walikuwa wanapita tu. Nigora alimfuata baba yake nyuma nyuma. Kitambaa kilitandikwa, mkate ukawekwa katikati.

"Salaam aleikum, mama," akasema Haji Sobir. "Sipendi nililojia. Mahkam anasema ulificha ubovu. Wewe unasemaje?"

"Nasema nilimwambia aje kwangu kwanza," Saodat akajibu. Sauti yake ilikuwa tulivu, lakini vidole vilikuwa vinakunja na kukunjua ncha ya mtandio. "Akaanza na nyumba ya chai. Fedha anazotaka zimeshakuwa bati, Haji, na bati liko juu ya kichwa cha mwanangu. Mnataka niezue?"

"Basi apa," akasema Mahkam. "Weka mkono kwenye mkate, useme hukuitoa betri. Na ufunguo wa pili uko wapi?"

"Ufunguo wa pili!" Saodat akacheka kicheko kisicho na furaha. "Jirani, mimi naamka alfajiri kuwasha tanuri ili ule. Usiku nikitoka, natoka kumtafuta nani, betri yako?"

Watu wengine wakacheka. Mahkam akawa mwekundu. Saodat akaunyosha mkono kuelekea mkate. Munzifa alikuwa amesimama kwenye kizingiti, akilia bila sauti.

"Baba, usimwapishe!" Nigora akapaza sauti. "Siku ile saa ilikuwa sahihi. Niliilinganisha na simu yako. Aliyetoa betri si mtu wa nje. Yupo kwetu."

"Nani?" Mahkam akageuka.

Kumtaja kaka yake mbele ya mtaa mzima Nigora hakuweza. Mara sauti ikatoka mlangoni.

"Mimi, baba."

Shodi alikuwa ameshika spana mkononi, kama mtu aliyekuja kujisalimisha na silaha yake. Akaeleza yote: mfereji, taa, waya mweusi. Hakuinua uso hadi alipomaliza.

Lakini shaka ikizoea kukaa, haitoki kwa mlango wa kwanza. "Hata hivyo," Mahkam akasema polepole, "taa iliwaka kwa sababu ya ubovu. Maji ya mfereji ni kidogo. Ubovu ulikuwepo tangu zamani."

"Basi twende kwa fundi," akasema Saodat, akajifunga mtandio vizuri. "Na mimi ndani. Nataka kusikia kwa masikio yangu."

Wakaenda: Mahkam na Haji Sobir mbele, Saodat na watoto watatu wamebanana nyuma. Fundi Olim alichomeka kifaa chake chini ya usukani, akasoma, akafungua boneti, akaingiza kichwa. Alikaa humo muda. Kisha wakasikia anacheka.

"Aka," akamwita Mahkam, kama mtu anavyomwita kaka mkubwa, "nani alikuwa anakaanga bisi humu?"

Akatoa mkono. Kwenye kiganja kulikuwa na mbegu nyeusi zilizoungua, na kipande cha plastiki kilichoyeyuka.

"Hapa pana kifaa kinachonusa moshi wa injini na kuiambia kompyuta kama petroli inaungua vizuri. Waya wake umechomwa na makaa. Kidogo unashika, kidogo unaachia. Ndiyo maana taa inawaka. Maji hayakufanya kitu, na gari hili lilikuwa zima kabisa. Hizi ni hazorispandi, siyo?"

Mahkam alizitazama mbegu zile. Akamtazama Saodat.

"Jirani," Saodat akasema, "ulifukuza macho yetu kwa bidii kweli."

Haji Sobir akakohoa ndani ya ndevu ili asicheke. Mahkam akafunika uso kwa viganja.

Fundi Olim akabadilisha waya. "Sasa mkifika nyumbani ndiyo mfute kumbukumbu," akamwambia Shodi. "Vile vile ulivyokuwa unafanya. Kufuta si kosa, kijana, kama umeshatengeneza. Ukifuta kabla, kompyuta inasahau na mazoea yake yote ya kuchanganya petroli, inaanza kujifunza upya, ndiyo maana injini ilitetemeka na kunywa sana. Kila mara ulikuwa unairudisha darasa la kwanza."

Walipokuwa wanarudi, Mahkam alisimamisha gari mbele ya nyumba ya chai. Akashuka peke yake. Wale wengine walimwona kupitia mlango ulio wazi, amesimama katikati ya wanaume na bakuli zao za chai.

"Maneno niliyamwaga hapa, nitayazoa hapa," akasema. "Saodat aliniuzia gari zima. Nililiharibu mimi kwa makaa yangu, mwanangu akaficha kwa sababu ananiogopa, na mimi nikamchafua mwanamke mwaminifu. Mwenye kusimulia lile la kwanza, asimulie na hili."

Akarudi kwenye usukani. Hakuna aliyemtania.

Uani kwao, mbele ya wote, Shodi alifungua nati, akautoa waya mweusi wa betri. Nigora akaweka birika motoni, kwa sababu ndicho kipimo walichokijua. Wakaketi kwenye kitanda kipana cha uani, Saodat akaleta mikate, wakasubiri chai ya kijani iive.

"Nisamehe, jirani," akasema Mahkam.

"Nimekusamehe kwa mkate tuliomega," Saodat akajibu. "Lakini watoto wasikie." Akamgeukia Shodi kwanza. "Mwanangu, ile taa haikuja kukushitaki. Ilikuja kuomba msaada. Ukimziba mgonjwa mdomo hajapona, ameacha kusema tu. Kosa ukilisema mapema ni dogo. Ukilificha, linakwenda kumwangukia mtu asiyehusika. Na wewe Mahkam, usikasirike nikikwambia mbele yao: mwenye shaka hutazama nje ya ukuta mpaka anasahau kutazama mikono yake. Shaka ikikujia, ipeleke kwa mhusika umuulize. Usiipeleke sokoni."

Kisha akamvuta Nigora, akambusu kwenye paji la uso. "Huyu alikuwa na shaka kama sisi wote. Ila yeye alikwenda kutafuta ukweli kabla ya kutaja jina la mtu."

"Mama, hata mimi alinishuku," akasema Munzifa.

"Nilikushuku," Nigora akakubali. "Nisamehe."

"Lete kifutio changu."

"Ulinirudishia mwenyewe!"

"Ndiyo, sasa nakitaka."

Birika likachemka. Shodi akaurudisha waya, akawasha gari. Injini ikatetemeka kidogo, ikatafuta pumzi, ikatulia. Taa ya chungwa haikuwaka. Munzifa akaingia kiti cha mbele, akaomba simu ya Mahkam, akabonyeza vitufe vya saa kwa uangalifu, kimoja kimoja, kama alivyokuwa akifanya baba yake.

Giza lilipoingia kila mtu alikwenda kwake. Nigora akalala, kifutio kimebaki tena kipande kimoja chini ya mto wake. Shodi akalala, spana imerudi kwenye boksi lake. Mahkam peke yake alibaki amekaa. Kwa mazoea akanyanyuka, akashika pazia. Akasimama hapo kidogo. Kisha akaliachia bila kuchungulia, akajinyosha kitandani, na safari hii usingizi ukamjia kabla ya alfajiri. Nje, ndani ya gari lililokuwa peke yake uani, saa ya kijani iliendelea kusema ukweli.